Kocha Alikula Kwetu

Watu wakisikia kwamba niliwahi kulipwa kucheza lakrosi, kwanza huniuliza lakrosi ni nini. Hilo halinisumbui. Nawaeleza kuwa ni mchezo wa fimbo zenye wavu mdogo kwenye ncha, kwamba unadaka mpira kwa huo wavu, unakimbia nao, unautupa golini, na kwamba mpira wenyewe ni wa raba ngumu na ukikupata kwenye paja utalala upande mmoja wiki nzima. Mimi nilikuwa golikipa, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kujiweka mahali ambapo mtu mwenye akili zake angekimbia.

Swali la pili ndilo linalonibadilisha sura. Huliuliza wale waliowahi kusoma habari zangu kwenye simu. Wananishika mkono, wanateremsha sauti, wananiuliza nilimtorokaje yule mzee niliyeozwa.

Sikuozwa. Hakuna mzee. Sijawahi kutoroka mtu yeyote maishani, isipokuwa jogoo mmoja wa jirani nilipokuwa mdogo. Nimekaa chini kuandika haya ili nimseme aliyesema niliozwa. Jina lake sitaliandika, lakini watu wa Kitengela watamjua kabla hawajafika katikati, na mimi nataka wamjue.

Boma letu liko nje kidogo ya mji wa Kajiado, upande wa kuelekea Namanga. Shule nilisomea Kitengela, ya bweni, ambako vumbi la viwanda lilitua juu ya uji wetu wa asubuhi na tukalinywa bila kulalamika. Huko ndiko lakrosi ilitukuta. Wageni fulani wa kujitolea walileta fimbo chache, wakatufundisha kwa likizo moja, wakaenda zao. Fimbo hazikututosha, basi tukatengeneza zetu kwa matawi tuliyokata wenyewe na zile nyavu nyekundu za kubebea vitunguu vinavyotoka Illasit. Mwalimu wetu wa michezo akajiita kocha. Mchezo wenyewe aliujua kutoka kwenye video, lakini alikuwa na filimbi na alijua kufoka.

Aliniweka golini kwa sababu sikuwa napepesa macho. Jambo hilo lilimshangaza, ingawa halikuwa na ajabu lolote. Mtoto aliyelelewa kati ya mifugo anajua kusimama mlangoni mwa zizi jioni, wakati wana-kondoo na mama zao wanarudi pamoja kwa fujo na wewe unatakiwa kuwatenganisha, huyu apite, huyu arudi. Ukipepesa, mwana-kondoo ameshaingia kwa mama yake na amenyonya maziwa yote. Golini nilifanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyetakiwa kupita.

Nilikuwa kidato cha tatu tulipoalikwa kupeleka timu ya wasichana kwenye mashindano ya vijana ng'ambo. Wafadhili walikuwa wageni, wema kabisa, wanaolia upesi. Walichagua wachezaji wenyewe, na kwa nafasi ya golikipa walinichagua mimi. Wa akiba alikuwa mpwa wa kocha, mtoto wa dada yake, msichana mpole ambaye mpira ukimjia aliinua mguu mmoja na kufumba macho. Sikumwonea ubaya wakati ule na simwonei hata sasa.

Kwetu mtoto hasafiri safari ya mbali hivyo hivyo tu. Mama alinyoa nywele zangu zote, akanivalisha shanga alizokuwa ameshona kwa miezi, majirani wakaja, baba akachinja. Wazee waliniombea, baba akachukua kibuyu cha maziwa na nyasi mbichi, akaninyunyizia kichwani na miguuni, ili njia iwe baridi nami nirudi. Baba yangu hasemi sana. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mfululizo, na mara moja akajifanya anakohoa.

Kocha alikuwepo. Alialikwa kwa heshima, akakalishwa pamoja na wazee, akapewa ubavu mzuri wa mbuzi. Alikula kwetu, akapangusa vidole, akatoa simu na kupiga picha. Naye ni Mmaasai, yaani ni sisi kwa sisi. Alijua kabisa anachokitazama ni nini.

Siku chache baadaye gari kubwa jeupe liliingia bomani. Alishuka chifu, akashuka askari, akashuka afisa wa watoto, na nyuma yao mama mmoja wa wale wafadhili, macho yamemvimba kwa kulia. Mimi nilikuwa nafua jezi. Yule mama alinikimbilia akanikumbatia na mapovu yangu, akaniambia sasa niko salama. Nilidhani kuna mtu amekufa.

Afisa wa watoto akamgeukia baba. "Mzee, huyu msichana bwana yake ako wapi?"

Baba hakuelewa. "Bwana gani?"

"Usitupotezee wakati. Mahari ni gani hapa? Ni hizi ng'ombe?"

Zizini kulikuwa na mitamba ambayo baba alikuwa amenunua Mashuuru baada ya kiangazi kutumalizia mifugo. Akaionyesha, akaanza kueleza alivyoinunua na kwa nani. Yule mama mgeni akatoa simu, akamwekea baba usoni. Palikuwa na picha: mimi, kichwa kimenyolewa, shanga shingoni hadi kifuani, na baba ameinua kibuyu, wazee wamenizunguka. Kocha ndiye aliyempelekea. Alimwambia ni harusi yangu, kwamba nimeozwa kwa siri, na kwamba amejikaza kulisema kwa sababu moyo unamuuma. Mama yule angejuaje? Aliona kipara, akaona shanga, akaona wazee, akamalizia mwenyewe.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kimaa na kwa Kiingereza changu kibovu kwamba ile ni baraka ya safari. Kila nilivyozidi kukataa ndivyo yule mama alivyozidi kunihurumia. Aliamini nimetishwa. Baba walimwingiza kwenye gari na kumpeleka kituo cha polisi. Mimi wakanipeleka kwenye nyumba ya kuokoa wasichana, mlango wa chuma, mlinzi getini, ili nipumzike na nizungumze na mshauri. Wasichana wengi niliowakuta humo walikuwa wameokolewa kweli, na waliniuliza mume wangu ana umri gani. Nilipowaambia sina, walibadilisha mazungumzo kwa adabu.

Timu iliondoka mimi nikiwa ndani. Mpwa wa kocha alivaa jezi yangu. Baadaye, baada ya kuhoji watu wote na kuandika yote, ndipo mtu mmoja alipokumbuka kuuliza kama kuna yeyote aliyewahi kumwona huyo bwana harusi. Hakuna. Wakanirudisha nyumbani kwa gari lile lile, bila neno la samahani, na kocha akawa bado yuko ng'ambo, anapigwa picha mbele ya chemchemi za maji.

Mimi nilipoteza safari, na nilidhani hakuna kitu kikubwa kuliko hicho. Halafu nikamwona baba. Alikuwa mzee wa kanisa, wa kukaa benchi la mbele. Walimwambia apumzike kidogo mpaka maneno yatulie. Maneno hayakutulia. Mnadani Kajiado watu walimuuliza harusi ilikuwa lini na mbona hawakualikwa, wengine kwa mzaha, wengine bila mzaha. Baba alianza kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha aliondoka kabla watu hawajasimama. Hakuwahi kuniambia chochote kuhusu jambo lile. Hapo ndipo nilipomwekea kocha kinyongo moyoni, na sijakitoa.

Chuki ni chakula, wacha mtu asikudanganye. Niliishi kwayo miaka mingi na nilinenepa. Mwaka uliofuata timu ya chuo kimoja cha ng'ambo ilikuja kucheza mechi za kirafiki. Nilicheza dhidi yao nikiwa na hasira ya kutosha watu kumi, na kocha wao, mama mmoja mwembamba asiyecheka, akanitafutia nafasi ya kusoma na kuwachezea. Nilipomaliza chuo nikasajiliwa kwenye ligi ya kulipwa.

Nisiwapambie hiyo kazi. Malipo hayakutosha kuishi, asubuhi nilifundisha watoto wa matajiri kushika fimbo, jioni nikafanya mazoezi, na mechi za mbali tulikwenda kwa basi tukilala tumekaa. Mwili wangu ulikuwa ramani ya madoa meusi. Lakini nilikuwa hodari, hilo nitalisema mwenyewe kwa kuwa ni kweli. Mshambuliaji akiinua fimbo, wenzangu walimwona mshambuliaji. Mimi nilimwona mtu anayepangusa vidole baada ya kula ubavu wa mbuzi. Nilitoka golini na kwenda kumkuta. Kuna mmoja aliyewahi kumuuliza mwamuzi, mbele yangu, kama mimi niko sawa kichwani.

Kisha siku moja kabla ya mechi nikaokota kijitabu cha mashabiki kitini. Ukurasa mzima ulikuwa wangu. Palikuwa na picha ile ile, baba na kibuyu chake, na chini yake hadithi ya msichana aliyeponyoka kwenye ndoa ya utotoni, kutoka mikononi mwa baba aliyembadilisha kwa ng'ombe. Watu wa klabu waliikuta kwenye mtandao, kwenye makala ambamo kocha wangu amehojiwa, wakaipenda. Tiketi ziliuzwa kwa hadithi hiyo. Kina mama walikuja na mabango.

Nilimwendea dada wa matangazo. Nikamweleza pole pole, jambo ambalo si kawaida yangu. Alinisikiliza, akanishika bega, akaniambia anaelewa, kwamba si rahisi mtu kukubali yaliyompata. Niliondoka pale nikiogopa mikono yangu mwenyewe.

Nilijaribu tena. Msimu huo huo nilichaguliwa mchezaji bora wa mechi moja kubwa, wakanipa kipaza sauti katikati ya uwanja. Nikasema kwa sauti: baba yangu hajaniuza, picha ile ni ya baraka, aliyewadanganya ni mwalimu wangu. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Hawakusikia hata neno moja, muziki ulikuwa umeshafunguliwa. Walimpigia makofi msichana aliyeokolewa. Na vijana wa Kajiado wenye simu walikuwa wanamwonyesha baba yangu hizo makala, moja baada ya nyingine, wakidhani anafurahi kuona binti yake amekuwa maarufu.

Kidole gumba ndicho kilichonirudisha nyumbani. Mpira ulikivunja, kikaunganishwa, kikavunjika tena pale pale, na daktari akasema nichague kati ya golini na kuweza kushika kikombe. Nikarudi. Sikurudi kwa huzuni. Wakati ule chama cha lakrosi kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwachagua na kuwafundisha magolikipa wa timu ya taifa ya wasichana, nikakubali kabla hawajamaliza kuuliza, maana majaribio yalikuwa yafanyike Kitengela, na Kitengela nilijua nitamkuta nani.

Alikuwa amenenepa. Koti la michezo lilikuwa limembana tumboni, filimbi ile ile shingoni. Aliniona akiwa mbali, akatanua mikono mbele ya wazazi na wafadhili.

"Entito ai!" Binti yangu. "Mwaona huyu? Huyu ni mimi nilimtoa. Ni mimi nilimtengeneza!"

Kwetu mdogo huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Ndiyo salamu. Hata ukiwa umesomea wapi, mtu wa rika la baba zako akikujia, shingo inainama yenyewe. Mkono wake ulishafika juu yangu. Nilisimama wima, nikamtazama machoni, sikupepesa. Mkono ule ulining'inia hewani hadi watu wakaanza kuutazama, kisha akaupeleka kwenye filimbi kana kwamba ndiko alikokuwa anaupeleka tangu mwanzo. Mzee mmoja pembeni alisonya. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mechi nyingi nilizoshinda.

Miongoni mwa wasichana waliokuja golini alikuwepo binti yake wa mwisho. Nilitaka awe mbaya. Niliomba kabisa awe mbaya. Alikuwa bora kuliko wote, mtulivu, miguu myepesi, na hakupepesa. Mazoezi yalipoisha alinijia, akainamisha kichwa, na kwa vile yeye hakunikosea nikamgusa.

"Kocha, niko na swali. Usinikasirikie."

"Uliza."

"Huyo mzee ulikuwa umeolewa na yeye, alishakufa ama?"

"Nani alikuambia niliolewa?"

"Si ni daddy. Hutuambia hiyo story kwa training, ndio tuchukulie shule serious. Ati yeye ndiye aliita watu wakakuokoa. Eti hata alitishiwa na familia yenu."

Kumbe hakutosheka na kunisingizia. Alijifanya mwokozi wangu pia, na kila kizazi cha wasichana wa Kitengela kilipewa hadithi hiyo pamoja na mazoezi ya kukimbia. Nilimwambia yule binti akabadilishe nguo, atashikwa na baridi. Sauti yangu ilitoka vizuri tu.

Jioni hiyo niliandika ujumbe kwa mwenyekiti wa timu. Niliandika kwamba nimesikia golikipa huyu ana mimba, kwamba jambo hili linaniuma, kwamba afadhali tumchukue mwingine. Ujumbe ulikuwa mzuri, na angeuamini, maana mambo kama hayo kuhusu wasichana wetu hayahitaji ushahidi. Kidole changu kibovu kilikuwa juu ya kitufe. Nikaufuta. Msije mkanisifu. Sikuufuta kwa huruma. Nilifikiri kwamba nikimwonea bintiye, yeye atakuwa ameonewa, ataweza kulia mbele za watu na wakamlilia, na mimi sikutaka apate hata dakika moja ya kuwa upande wa haki. Nikampa binti yake nafasi. Nikampigia kocha mwenyewe kumpongeza.

Alifurahi mpaka akasahau mkono wake nilioukataa. "Mama, asante sana," aliniambia. "Sasa tutamfanyia baraka kubwa hapa kwangu. Lazima ukuje. Na ulete wale wafadhili."

"Nitawaleta," nikasema. "Usisahau kumnyoa."

Nilimwalika baba twende pamoja. Akasema yeye haingii kwa mtu huyo, na akaendelea kuchonga mpini wa shoka.

Nyumba ya kocha ni ya mawe, kwenye mtaa mpya wenye kuta ndefu, mahali ambapo zamani ng'ombe walipita. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, moshi wa nyama. Wafadhili walikuja, na kati yao yule mama aliyenikumbatia na mapovu yangu, sasa nywele zake zimekuwa nyeupe. Nyama ilipoletwa nilisukuma sahani. Mke wa kocha akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ila kwa nyumba hii sili. Alidhani ni mambo ya kufunga kwa maombi.

Binti alitoka amenyolewa, shanga kifuani, mzuri sana. Wazee wakamzunguka. Kocha akainua kibuyu, akamnyunyizia maziwa kwa nyasi, akamwombea njia baridi. Nikasimama nikapiga picha. Nilijipa muda, nikatafuta pembe nzuri. Nikahakikisha kibuyu kinaonekana.

Nikaombwa kusema machache kama mwalimu wa magolikipa. Nikamwita yule mama wa nywele nyeupe aje mbele, nikampa simu.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Ni baraka ya safari. Ni nzuri sana."

Nikapeleka kidole kwenye picha ya pili, ile ya baba yangu. "Na hii?"

"Hii ni ile ya ha..." Akarudi kwenye picha ya kwanza. Akaenda kwenye ya pili. Alifanya hivyo mara kadhaa, na machozi yakaanza kumtoka. Safari hii sikumkasirikia kwa kulia.

Niliwaambia wote, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaa ili bibi wote waelewe. Nilisema baba yangu hakuwahi kuniuza. Nilisema aliyekula nyama ya baraka yangu ndiye aliyeipeleka picha na kuiita harusi, ili mpwa wake avae jezi yangu. Nilisema baba alilala seli na mimi nikalala nyuma ya mlango wa chuma, na kwamba tangu siku hiyo mzee wa watu anakaa benchi la nyuma. Nilisema yote kwa utulivu. Niliyafanyia mazoezi miaka mingi, tena kwenye viwanja vyenye kelele kuliko ule ua.

Hakuna aliyetafuna. Bibi mmoja akatema mate chini.

"Daddy," binti akasema, maziwa bado yanamtiririka kichwani, "ni ukweli?"

Kocha akacheka kidogo. "Haya ni mambo ya zamani. Watu wasianze kuleta mambo ya zamani kwa siku ya furaha."

Alikuwa na nafasi ya kukataa na hakukataa. Wote waliona. Binti akaingia ndani, na siku ya kusafiri, pale uwanja wa ndege, aliinamisha kichwa kwa mama yake, kwa wajomba, kwangu mimi. Alipofika kwa baba yake alimpa mkono. Niliusubiri ule mkono tangu nikiwa kidato cha tatu bila kujua ndio ninaousubiri.

Ningependa kusema hapo ndipo palipoishia. Wiki chache baadaye nilikuwa nimeenda Nairobi kwa daktari wa kidole. Niliporudi nikakuta kondoo mgeni zizini, dume nene, jeupe, kichwa cheusi. Nikamuuliza mama ametoka wapi. Mama akapata kazi ya haraka jikoni. Baba alikuwa nje, simu sikioni, na nikamsikia anasema, "Paker, sopa. Ee, Paker, tuko salama."

Mtu akikupa kondoo ukampokea, hamwitani tena kwa majina wala kwa vyeo. Mnaitana Paker maisha yenu yote, kwa ajili ya huyo kondoo, na kama kulikuwa na kosa, kosa limekufa. Kocha alikuwa amekuja nisipokuwepo, akaleta wazee, akaleta kondoo, na baba yangu alipokea.

"Umempokea?" nikamwuliza. "Huyo mtu? Baada ya yote?"

"Alisimama hapo," baba akasema, akionyesha chini ya miguu yake. "Mbele ya wazee na mbele ya pasta. Akasema alidanganya. Yote akasema. Pasta akaniomba nirudi mbele."

"Na mimi? Miaka yote nimebeba hii kitu, halafu wewe unaimaliza na kondoo mmoja?"

Baba akaweka simu mfukoni. Hana haraka ya maneno, mtu huyu, hata ukiwa unawaka moto mbele yake.

"Huyo kondoo ni wangu," akasema. "Mimi nililala seli. Mimi nilitolewa benchi la mbele. Yangu imeisha. Wewe ulifungiwa pahali pengine, na ndege ilienda na jezi yako. Kondoo wako bado hajaleta."

Nilikaa chini kwenye kigoda.

"Na akileta?"

"Hiyo ni yako. Mimi nitaingilia aje?"

Alileta. Nadhani baba ndiye aliyempenyezea neno, Paker kwa Paker. Alikuja Jumamosi na pikapu ya kuazima, peke yake, akateremsha kondoo jike, mzuri kuliko yule wa kwanza, akamvuta hadi mlangoni mwa boma ambapo nilikuwa nimesimama. Alikonda. Koti la michezo halikumbana tena. Akaniambia amekosa, akalisema wazi bila kupinda, akasema bintiye hajibu simu zake, akanyoosha kamba anipe.

Nilisimama mlangoni. Alitaka kupita na hakuna aliyemzuia isipokuwa mimi.

"Rudi naye," nikasema.

"Mama, baba yako ameshanisamehe."

"Nimesikia. Rudi na huyu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapotaka."

Alisubiri nicheke au nilie, sikufanya hata kimoja. Akageuka. Kondoo akakataa kwenda, akakita miguu, akalia, na kocha akabaki kumvuta kwenye vumbi, jasho likimtoka, huku majirani wakitazama kutoka kila boma na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Baba alikuwa amekaa kivulini akiona yote. Gari lilipoondoka alimwita mama, akamwambia achemshe chai, iwe ya watu wa nyumbani tu, hakuna mgeni.